Dakika Thelathini na Tano

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Novemba 1997, saa mbili na robo asubuhi. Mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa imekatika, lakini wingu lilikuwa bado limelala juu ya ziwa, na barabara ya Pasiansi, jijini Mwanza, ilikuwa tope tupu.

Inspekta Evelina Kashindye alishuka kwenye Landrova ya polisi mbele ya lango la kiwanda cha mafuta cha Pamba Njema. Muda wake ulikuwa mfupi. Jumatatu, saa tatu asubuhi, mtu aitwaye Ngosha angesomewa shtaka la kusababisha kifo cha Mzee Shimba kwa uzembe. Faili lilikuwa limekamilika. Lilingoja sahihi ya Inspekta, na Inspekta alikuwa hajaitia.

Yaliyojulikana yalikuwa machache. Jumanne, tarehe 4, saa tatu na dakika tano asubuhi, mtungi namba mbili ulipasuka. Ulikuwa mtungi wa chuma wenye kimo cha nyumba ya ghorofa moja. Ndani yake mafuta ya mbegu za pamba yalichanganywa na gesi ya haidrojeni hadi yakawa mafuta mazito ya kupikia. Kazi hiyo hutoa joto yenyewe, na joto lisipoondolewa huzaa joto jingine. Kilicholiondoa ni maji ya ziwa, yaliyopita katika bomba lililozungushwa ndani ya mtungi. Siku ile maji hayakutosha. Kifuniko kilifyatuka, gesi ikawaka, na Mzee Shimba, mwendesha mtambo kwa miaka ishirini na sita, akafa papo hapo. Valvu ya maji ilikuwa mikononi mwa msaidizi wake, Ngosha, naye hakuwapo. Alisema alikwenda ziwani kuondoa magugu maji yaliyoziba mdomo wa bomba. Hakuna aliyemwona huko.

Sajini Luhaga, msaidizi wa Inspekta, hakuona sababu ya kurudi kiwandani.

"Afande, mtu hakuwa kazini, maji yakapungua, mwenzake akafa. Mimi naona hesabu imekaa."

"Imekaa mno," alisema Kashindye. "Ngosha ana miaka tisa pale. Kama alifunga valvu, nani aliifungua tena? Zimamoto waliikuta wazi."

Luhaga alipendekeza chai.

Nje ya lango, chini ya turubai, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Atieno aliuza chai na maandazi. Kiwanda kizima kilimjua, kwa sababu mapumziko ya asubuhi, kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nne, yalifanyika kwenye mabenchi yake. Kashindye alimwamkia kwa shikamoo. Atieno aliitikia marahaba, akamtazama sare, kisha akaanza kusema bila kuulizwa. Alisema kwamba polisi wa siku hizi hukamata mtu aliye karibu ili wasichafue viatu.

"Mmemweka ndani Ngosha. Mwanamume yule anamwogopa hata bata. Mwezi uliopita bata wangu amemfukuza mpaka getini, na chai hajamaliza."

"Bata hajafika kituoni kutoa maelezo, mama," alisema Luhaga.

"Mpelekeni. Atasema ukweli kuliko meneja wenu."

Alichukua maandazi manne, akayafunga katika karatasi na kumpa Inspekta. Kashindye hakula. Karatasi ilikuwa pana, yenye mistari ya kijani iliyofifia na vitundu kwenye kingo zote mbili. Alimkabidhi Luhaga maandazi na kuinyoosha karatasi juu ya benchi.

Juu kabisa kulikuwa na tarehe: 25 Oktoba 1997. Chini yake kulikuwa na maneno mafupi ya Kiingereza na namba. Maji, asilimia thelathini. Tundu, milimita ishirini na mbili. Joto la kuanzia, mia na hamsini. Gesi, wazi kabisa. Kisha zilifuata safu mbili ndefu, ya dakika na ya joto. Joto lilipanda polepole kwa muda wa saa nzima. Baada ya dakika ya sitini lilianza kuruka. Kwenye dakika ya sabini hapakuwa na namba tena. Palikuwa na nyota nne.

Aliuliza karatasi hiyo ilitoka wapi. Atieno alieleza kwamba mfagizi wa ofisi humletea zile zinazotupwa katika chumba cha kompyuta. Alizipenda kuliko gazeti, kwa kuwa wino wa gazeti huhamia kwenye andazi. Alikuwa na rundo zima chini ya meza. Kashindye aliliomba. Atieno alikataa mpaka Luhaga alipoleta magazeti yote ya nyuma yaliyokuwa yametandikwa sakafuni mwa Landrova.

"Afande," alisema Luhaga walipokuwa wakivuka lango, "nyota zile ni nini?"

"Nadhani namba ilikua hadi ikakosa nafasi. Tutamwuliza aliyeichapa. Lakini mlipuko ulikuwa tarehe 4. Mtu huyu aliuandika siku kumi kabla."

Alimtuma Sajini mjini, ofisi ya kazi, akatafute faili la ajali yoyote ya zamani kiwandani humo. Yeye aliingia jengo la mitungi peke yake.

Mtungi namba mbili ulikuwa umesimama bila kifuniko, na ukuta wa nyuma yake ulikuwa mweusi hadi dari. Kashindye alimwita fundi bomba, Odeta, akamwomba amwonyeshe njia yote ya maji, kutoka pampu ya ziwani hadi mtungini. Walitembea taratibu. Bomba lilikuwa na viungo kumi na vinne. Viungo kumi na vitatu vilifungwa kwa boliti zenye kutu. Kiungo cha kumi na mbili kilikuwa na boliti mpya.

"Fungua hiki," alisema Kashindye.

Odeta alisita, kisha akachukua spana. Boliti zilipotoka, alitoa katikati ya kiungo kisahani cha chuma, chembamba, chenye tundu moja katikati. Bomba lenyewe lilikuwa na upana wa milimita hamsini. Kashindye alimpa Odeta kipimio akapime tundu. Odeta alipima mara mbili.

"Ishirini na mbili, mama."

Alieleza, bila kuficha, kwamba alikifunga mwenyewe Jumapili tarehe 2, wakati mitambo ilipozimwa kwa matengenezo. Aliambiwa ni kifaa cha kupimia mwendo wa maji. Alipoulizwa nani alimwamuru, alileta hati ya kazi kutoka kabati lake. Hati ilikuwa na sahihi moja tu. Ilikuwa ya Meneja Mkuu, Bwana Chenge.

Jina hilo halikuwa geni katika faili. Siku ya mazishi, Suzana, binti wa marehemu, alisimama mbele ya waombolezaji na kusema kwamba Chenge amemuua baba yake, kama alivyomuua mwingine kabla yake, na akaomba anyongwe. Wengi walisema ni uchungu wa kufiwa. Kashindye aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa.

Chenge alimpokea katika ofisi mpya yenye zulia. Zamani za shirika la umma alikuwa mkuu wa zamu tu. Kiwanda kilipouzwa mwaka 1995, wenye mali wapya walimfanya meneja, na alipenda kusema kwamba yeye ndiye aliyekiamsha kiwanda kutoka usingizini. Alisema hivyo hata sasa. Kashindye alimsubiri amalize, kisha akaweka hati ya kazi mezani.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu. Inspekta, mimi nasaini karatasi arobaini kwa siku. Mhandisi anaomba, meneja anasaini. Ndiyo biashara huria. Zamani tulikuwa tunakaa kamati wiki mbili kununua ufagio."

"Mhandisi yupi?"

"Ogweno. Yule wa kompyuta. Tumemchukua mwezi wa tatu. Kijana makini sana."

Kashindye aliuliza alikuwa wapi saa tatu na dakika tano ya siku ile. Chenge alisema alikuwa hapo hapo ofisini, akivaa mabuti, akijiandaa kwenda kwenye mtungi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayesimulia bahati yake, alifungua droo na kutoa kikaratasi. Kilikuwa mwaliko wa Mhandisi Ogweno. Kilimwomba Meneja afike kwenye mtungi namba mbili saa tatu na dakika arobaini, bila kuchelewa, apande hadi kwenye kioo cha kutazamia, ajionee jaribio la kuharakisha kazi kwa kufungua gesi yote.

"Ungepasuka nusu saa baadaye, ningekuwa juu yake," alisema Chenge. "Mungu amenipenda."

"Saa tatu na dakika arobaini wafanyakazi wangekuwa wapi?"

"Kwenye chai."

"Wote?"

"Wote. Chai ya Atieno haikosi mtu."

Kashindye aliandika namba tatu katika kitabu chake kidogo. Mtunza gesi alikuwa ameandika kwamba gesi ilifunguliwa saa mbili na nusu kwa agizo la Mhandisi. Karatasi ya maandazi ilisema dakika sabini. Saa mbili na nusu, ukiongeza dakika sabini, ni saa tatu na dakika arobaini. Lakini mtungi ulipasuka saa tatu na dakika tano. Aliipigia mstari tofauti hiyo. Ilikuwa dakika thelathini na tano.

Aliomba apewe karatasi za kumbukumbu ambazo Mzee Shimba alikuwa akijaza joto la mtungi kila saa. Aliletewa majalada ya miaka mitatu. Kabla hajaondoka aliuliza kuhusu ajali ya zamani. Chenge alifunga droo. Alijibu kwamba mwaka 1992 mlevi mmoja alikufa kwa ulevi wake, ripoti ipo, na mashahidi walitia sahihi.

Nyumba ya marehemu ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Suzana, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ukumbini akisahihisha madaftari ya wanafunzi, ingawa likizo ya msiba ilikuwa bado haijaisha. Alimkaribisha Inspekta kiti. Kisha alisema lile alilokwisha kulisema.

"Namtaka Chenge, mama. Sitaki pole yako. Nataka asimame mahali nimwone, aambiwe alichofanya, na asiwe na pa kutazama."

"Huenda ukampata," alisema Kashindye. "Lakini si kwa hili. Kwanza nisaidie."

Alifungua jalada na kumwonyesha ukurasa baada ya ukurasa. Saa moja, mia na hamsini. Saa mbili, mia na hamsini. Saa tatu, mia na hamsini. Kiangazi, masika, mchana, usiku. Miaka mitatu.

"Mimi si mhandisi, ila nimepika," alisema Kashindye. "Hakuna moto wenye nidhamu hii. Mwandiko ni wa baba yako. Kwa nini?"

Suzana aliyatazama majalada. Kisha alieleza. Mwaka 1986 ulitoka waraka kutoka makao makuu ya shirika. Mwendesha mtambo akiona joto limezidi mia na hamsini, aandike barua ya kujieleza, nakala tatu. Kipimajoto hakikukaa chini ya mia na hamsini hata wiki moja. Waliojieleza mara mbili waliitwa wazembe. Kwa hiyo waendesha mitambo wote walikubaliana, bila kikao. Waliandika mia na hamsini. Shirika lilikufa, wenye mali wapya walikuja, na hakuna aliyeufuta waraka. Mzee Shimba aliendesha mtungi kwa sikio na kwa kiganja, na mtungi ulimtii.

"Baba alikuwa anasema karatasi ya ofisi ni ya ofisi," alisema Suzana.

"Na joto la kweli?"

Suzana alizungusha kalamu nyekundu mezani.

"Nikikupa, watasema Shimba alikuwa mwongo miaka kumi na moja. Watasema kajiua mwenyewe."

"Watasema. Na Ngosha atalala nyumbani kwake. Usiponipa, jina la baba yako litabaki safi, na Ngosha atakwenda gereza la Butimba akiwa hana kosa. Watoto wake uliwafundisha wewe."

Suzana aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na madaftari sita ya shule, yale ya kurasa arobaini na nane, yamefungwa kwa uzi wa nyavu. Ndani yake Mzee Shimba alikuwa ameandika kila joto kama lilivyokuwa. Kashindye alifungua la mwisho. Wiki mbili za mwisho zilikuwa na mia na sitini na moja, mia na sitini na mbili, mia na sitini na mbili. Pembeni aliandika: maji hafifu, magugu yamerudi, Ngosha kaenda kuondoa.

"Kaenda kuondoa," alisema Kashindye. "Mara ngapi?"

"Kila siku ya kazi. Soma."

Kashindye alisoma. Kisha aliuliza kama Mhandisi Ogweno amewahi kuyaona madaftari hayo. Suzana alishangaa. Alisema Ogweno hakuwa mtu wa nje. Alipofika Mwanza bila nyumba, baba yake alimpa chumba cha uani, akakaa miezi miwili, na hata baada ya kuhama alikuja kula kila Jumapili. Lakini madaftari yalikaa chini ya kitanda cha mzee.

Wakati huo Luhaga alibisha hodi, amelowa kwa mvua iliyoanza tena, na faili la rangi ya kaki limefungwa katika mfuko wa nailoni. Alimwonyesha Inspekta ukurasa mmoja. Ilikuwa ajali ya tarehe 12 Mei 1992. Marehemu aliitwa Ojwang, mkazi wa Shirati, Mara. Chanzo kilikuwa ulevi kazini, ripoti ya mkuu wa zamu, Chenge. Chini, mahali pa ndugu wa karibu, paliandikwa: mdogo wake, G. Ogweno, mwanafunzi.

Suzana alikuwa amesimama nyuma yao. Alisoma jina hilo, akaangalia mlango wa uani, kisha karatasi ya maandazi ambayo Inspekta alikuwa ameitandaza mezani.

"Madaftari nitayabeba mwenyewe," alisema. "Namba za baba nitazisoma mimi. Nataka nimwone anapozisikia."

Chumba cha kompyuta kilikuwa juu ya ghala, chenye feni moja na mapazia yaliyofungwa kuzuia vumbi la pamba. Mhandisi Gideon Ogweno alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alikuwa mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Aliinuka kumpisha Inspekta kiti. Suzana alibaki nje ya mlango kama walivyokubaliana, na Luhaga alisimama dirishani.

Kashindye alimwomba amweleze kazi yake, na Ogweno alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha mwalimu. Alisema mtungi hauwezi kufunguliwa ukiwa unafanya kazi, kwa hiyo ameujenga upya kwa hesabu ndani ya mashine. Ameukata vipande mia nne vya kufikirika. Kila kipande kinamwuliza jirani yake ana joto gani, mafuta yanaelekea wapi, maji yameondoa kiasi gani. Majibu yakikutana, dakika moja imepita, na maswali yanaanza tena. Hivyo mtu anaweza kuiona hatari kabla haijatokea.

"Au kuipangia saa yake," alisema Kashindye.

Ogweno alitabasamu kidogo, akasema hajaelewa.

"Iendeshe niione. Maji, asilimia thelathini."

"Kwa nini thelathini?"

Kashindye alitoa kisahani katika mfuko na kukiweka kando ya kibodi. Grisi yake ilichafua meza safi.

"Kwa sababu ya tundu la milimita ishirini na mbili. Joto la kuanzia, mia na hamsini. Gesi, wazi kabisa. Unazikumbuka namba hizi, au nikupe karatasi? Ina mafuta ya maandazi, lakini inasomeka."

Ogweno aliitazama karatasi. Hakuigusa. Aliketi, akaandika namba, akabonyeza. Mashine ilinguruma. Alisema itachukua dakika kumi na moja, na walingoja dakika zote kumi na moja. Katika muda huo Kashindye alimweleza yaliyobaki, moja baada ya jingine: mwaliko wa Meneja, mapumziko ya chai, hati ya Odeta, jina lililoandikwa chini ya faili la mwaka 1992. Ogweno hakukanusha hata moja. Nyota zilipotokea kwenye dakika ya sabini, alizionyesha kwa kidole, kama mwanafunzi anayedai alama zake.

"Hesabu ni sahihi," alisema. "Saa tatu na arobaini pale juu angekuwapo mtu mmoja tu. Nilihakikisha. Sikutaka mfanyakazi hata mmoja aumie. Chenge alimlazimisha ndugu yangu kuendesha mtungi kwa pampu moja. Alipokufa, akamwita mlevi. Sisi ni Wasabato, Afande. Ojwang hakunywa hata chai. Mama alikaa benchi la nyuma kanisani mwaka mzima kwa aibu ya karatasi ile. Nilisomea mitungi kwa sababu ya mtungi huu."

"Na Mzee Shimba?"

"Lile sikulipanga. Kuna kilichoharibika. Huenda Ngosha alifunga valvu."

"Ndiyo maana umemwacha rumande siku kumi."

"Hakuwa mahali pake," alisema Ogweno, lakini aliisema akitazama chini.

Kashindye aligeukia mlango. Suzana aliingia na madaftari kifuani.

"Hujambo, kaka Ogweno."

"Sijambo, Suzana."

"Nimekuja kukusomea."

Alibaki amesimama. Alifungua daftari la mwisho na kusoma kwa sauti ya darasani, bila haraka. Tarehe 28 Oktoba, saa mbili, mia na sitini na moja. Tarehe 30, mia na sitini na mbili. Tarehe 31, mia na sitini na mbili. Tarehe 3 Novemba, mia na sitini na mbili, maji hafifu.

Ogweno aliuliza hizo ni namba za nini.

"Za mtungi," alisema Kashindye. "Ulizosoma wewe zilikuwa za ofisi. Miezi minane umekaa na mtungi huu. Ulipanda mara ngapi kukitazama kipimajoto?"

Ogweno aliigeukia mashine.

"Sasa weka mia na sitini na mbili."

Ogweno aliweka mikono juu ya kibodi. Aliandika moja, sita, mbili. Hakubonyeza. Luhaga alisogea, lakini Kashindye alimzuia kwa mkono. Mwishowe Ogweno alibonyeza mwenyewe.

Mashine ilinguruma tena. Kabla ya dakika kumi na moja kuisha, Ogweno alikuwa amekwisha kulijua jibu. Aliondoa mikono mezani na kuiweka magotini. Nyota zilitokea kwenye dakika ya thelathini na tano.

"Saa mbili na nusu," alisema Kashindye, "ukiongeza thelathini na tano."

"Zilikuwa safi mno," alisema Ogweno. "Miaka mitatu, namba moja. Nilifurahi. Nilidhani nimepata mtungi mtulivu."

Suzana alichukua daftari la kwanza, lililokuwa na jalada lililochanika, na kulifungua mahali alipokuwa ameweka kipande cha uzi. Alisoma: Tarehe 12 Mei 1992. Chenge kaamuru pampu moja. Ojwang kakataa, kaambiwa asiyetaka aende kwao. Kabaki. Alikuwa mzima, hana pombe. Leo nimetia sahihi uongo kwa kuogopa. Mungu anisamehe.

Alifunga daftari.

"Uliishi kwetu miezi miwili," alisema. "Jina la ndugu yako lilikuwa chini ya kitanda, ukuta mmoja tu kutoka kichwa chako. Ungesema tu wewe ni nani. Baba angekusomea mwenyewe, na angesimama mahakamani kuyarudia."

"Angenizuia," alisema Ogweno.

"Ndiyo. Angekuzuia."

Ogweno alimwomba Inspekta amchukue. Suzana alisogea mlangoni, akamzibia njia.

"Kwenye mazishi niliomba aliyemuua baba anyongwe. Leo nimebadilisha. Nataka uishi, kaka Ogweno. Uishi sana. Na kila siku, saa tatu na dakika tano, uitazame saa."

Kisha alimpisha.

Yaliyofuata yalikuwa haya. Sajini Luhaga alimfunga Ogweno pingu, akaandika saa ya kukamatwa, kisha akala andazi la nne lililokuwa limebaki mfukoni. Odeta alirudisha boliti kwenye kiungo cha kumi na mbili na kwenda kupanda ngazi ya mtungi namba moja kusoma kipimajoto. Chenge alikuwa akipiga simu kwa wenye mali Inspekta alipoingia. Aliambiwa aweke simu chini, akasomewa ukurasa wa tarehe 12 Mei, akapelekwa kituoni kwa kosa la kutoa ripoti ya uongo kuhusu kifo. Inspekta Kashindye alichana hati ya mashtaka ya Ngosha, akaandika mbili mpya, ya Ogweno na ya Chenge, akatia sahihi zote. Ngosha alitoka rumande Jumamosi asubuhi na kwenda moja kwa moja kunywa chai. Atieno alimfungia maandazi kwa gazeti na kumfunga bata kamba mguuni. Suzana alilitoa godoro la chumba cha uani na kulichoma moto mbele ya majirani. Jumatatu alirudi darasani.

Akiwa rumande, Ogweno aliomba karatasi na penseli. Alipewa. Alianza hesabu upya, kutoka mia na sitini na mbili.